Dawa ya Krismasi, Kutoka Jagi Moja

Ukitaka kuwaandalia wageni wako dawa Krismasi hii, shika jambo moja kabla hujaosha hata ndimu: kileo huingia kwenye glasi, hakiingii kwenye jagi. Jagi ni la ndimu na asali. Kila aliye sebuleni anywe kutoka humo: nyanya aliyekuja kutoka ushago, jirani Mwislamu aliyepita kuwasalimia, shemeji aliyeokoka, watoto wa court nzima. Anayetaka kileo ataongezewa kwenye glasi yake, kwa kipimo, huku akiona. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinafuata kanuni hiyo.

Dawa ninayozungumzia ni ile ya barafu: ndimu, asali, vodka na kijiti cha mti cha kupondea. Iliyoitangaza ni hoteli ya Carnivore, kule Lang'ata, iliyofunguliwa mwaka 1980. Humo, kwa miaka mingi, mhudumu aitwaye Dr Dawa amekuwa akipita meza kwa meza na trei yake, akiwachanganyia watu hapo hapo walipoketi. Kinywaji chenyewe ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, ambayo huchanganywa kwa ndimu, sukari na kileo cha miwa kiitwacho cachaça. Nairobi ikaweka asali, na asali ndiyo iliyokifanya kiwe chetu.

Watu wengi wa Umoja, Kayole, Donholm au Jericho huijua dawa kama kitu cha kuagiza ukitolewa out. Hilo si sawa hata kidogo. Dawa haihitaji mashine wala chupa kumi za rangi rangi. Inahitaji ndimu zenye maji, asali ya kweli na barafu safi, na vitu hivyo mtu wa Eastlands anaweza kuvipata vizuri kuliko baa nyingi za mjini. Soko la Wakulima, yaani Marikiti, liko karibu, na Muthurwa pia. Asali huja na shangazi kwa basi la Kitui mpaka Machakos Country Bus. Tena Desemba ni joto, mvua za vuli zinakatika, na nyama inachomwa nje. Kinywaji chenye ukali wa ndimu kinaendana na nyama ya mbuzi vizuri kuliko soda yoyote.

Nitapiga hesabu ya wageni kumi, kila mmoja glasi mbili. Utahitaji ndimu ndogo 40, chupa ya asali ya gramu 500, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kiganja, na mifuko miwili mikubwa ya barafu. Kama wanywaji wa kileo ni sita kati ya hao kumi, chupa moja ya mililita 750, ile ambayo vijana wa mtaa huiita mzinga, itatosha na itabaki.

Hatua ya kwanza: barafu

Anza siku mbili kabla. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha yagandishe. Usigandishe maji ya mfereji jinsi yalivyo, hasa wiki ya mgao ambapo yamekaa kwenye mtungi. Kuganda hakuui vijidudu vyote, na barafu ikiyeyuka hurudisha vilivyosalia kwenye glasi vikiwa hai. Kama huna trei, tumia mifuko safi ya plastiki ya chakula au mabakuli yenye mifuniko. Mfuniko ni muhimu kwa sababu friza ya Desemba imejaa nyama na samaki, na barafu iliyoachwa wazi hubeba harufu yao.

Kama nyumba yako haina friji, na ploti nyingi hazina, nunua barafu ya mfuko ya kuliwa kutoka supamaketi au kituo cha mafuta asubuhi ya siku yenyewe. Barafu wanayotumia wachuuzi wa samaki si ya kuingia kwenye kinywaji. Ifunge mifuko kwa magazeti, kisha kwa blanketi au gunia, uiweke kwenye beseni penye kivuli. Ikifungwa hivyo itakaa saa kadhaa, hata stima ikipotea, na sote tunajua sikukuu zinavyokuwa na stima.

Usiiponde sasa. Barafu iliyopondwa mapema huwa maji kabla mgeni wa kwanza hajaketi.

Hatua ya pili: asali

Hapa ndipo dawa nyingi za nyumbani huharibika. Mtu hununua asali nzuri, anaimimina juu ya barafu, nayo inakuwa ngumu papo hapo na kukwama chini ya glasi. Mnywaji anavuta ndimu kali mwanzo mpaka mwisho, kisha anakutana na utamu wote kwenye tone la mwisho. Asali haiyeyuki kwenye baridi. Lazima uilegeze kwanza.

Chukua ile chupa ya gramu 500, ambayo ni kama mililita 350. Weka kando kijiko kimoja au viwili vya kuchovyea kijiti mwishoni, kisha imimine iliyobaki kwenye sufuria pamoja na nusu ya ujazo huo wa maji ya moto, yaani mililita 175, vijiko vikubwa kama 12. Koroga hadi ichanganyike kabisa. Usiiweke motoni na usiichemshe, kwa maana moto mkali hufukuza harufu ya maua, na harufu hiyo ndiyo uliyolipia. Utapata shira nyepesi ya zaidi kidogo ya nusu lita. Ipoze, uifunge kwenye chupa safi. Kwenye friji itakaa wiki mbili. Bila friji, itengeneze siku moja kabla na uimalize.

Kuhusu asali ya kununua, mimi huchagua ile nyeusi ya Ukambani au Baringo yenye harufu ya moshi kwa mbali. Moshi huo hutokana na namna inavyorinwa: mrina-asali huwafukiza nyuki kwenye mizinga ya magogo, na asali hubeba kumbukumbu ya kazi hiyo. Ukikaa na nyama choma, unaelewana nayo. Kama moshi umezidi, changanya nusu kwa nusu na asali nyepesi.

Kuna vipimo vingi vya mtaani vya kutambua asali bandia, cha kiberiti, cha maji kwenye glasi, cha sisimizi. Usivitegemee. Shira ya sukari iliyopikwa ikawa nzito inaweza kuvipita vyote. Tegemea mtu unayemjua, au chama cha wafugaji nyuki chenye jina kwenye lebo. Na ukiona asali imeganda na kuwa chenga chenga, usiitupe wala usimgombeze aliyekuletea. Asali halisi huganda. Ketisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu na italegea yenyewe.

Neno moja lisilo na mjadala: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe asali, hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya botulini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga, sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Watu wazima haiwadhuru, lakini shangazi mwenye furaha ya Krismasi huenda hajui hilo. Mwambie.

Hatua ya tatu: ndimu

Nenda sokoni mapema, tarehe 22 au 23. Kuanzia tarehe 24 vibanda vingi hufungwa, kwa sababu mama mboga naye ana kwao. Taka ndimu, si limau. Limau ni kubwa na lina maji mengi, lakini ukali wake ni mpole na dawa yake huwa kama juisi ya mgonjwa. Ndimu ndogo zenye mbegu ndizo zenye harufu.

Chagua kwa mkono, usiache ujaziwe tu kwenye mfuko. Chukua zenye ganda jembamba, laini, lenye kung'aa, na ambazo ni nzito kuliko zinavyoonekana. Zilizoanza kugeuka manjano mara nyingi zina maji mengi kuliko zile za kijani kibichi zilizo ngumu kama jiwe. Zenye ganda nene lenye vishimo hazina kitu ndani.

Nyumbani zioshe kwa maji na brashi laini, maana ganda litaingia kwenye glasi, na ndimu hizo zimesafiri juu ya lori na kulala chini sokoni. Siku ya sherehe, saa mbili au tatu kabla wageni hawajafika, zibiringishe moja moja mezani huku ukizikandamiza kwa kiganja. Kila ndimu ndogo hutoa kama kijiko kimoja kikubwa cha maji. Kamua 30, uchuje mbegu, na utakuwa na karibu nusu lita. Maji ya ndimu ya jana hayafai, yanalala na kuchukua ladha ya uchungu. Zilizobaki 10 zikate vipande vinne kila moja, uondoe ule uzi mweupe wa katikati kwa kisu. Uzi huo ndio wenye uchungu.

Kisha nawa mikono kwa sabuni, hasa kama unatoka kwenda kusimamia choma juani. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huungua. Siku ya pili unaona mabaka mekundu, pengine malengelenge, na baadaye weusi unaokaa wiki nyingi. Wengi hudhani wameungua na makaa.

Sasa mimina kwenye jagi maji ya ndimu na shira ya asali kwa vipimo sawa. Koroga, onja kwa kijiko. Kwa sasa itakuwa kali na tamu kupita kiasi, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu barafu itaipunguza. Jagi limekamilika. Lifunike.

Hatua ya nne: kileo

Anayeandaa meza ya watu wasiokunywa kileo anaweza kuruka sehemu hii. Wengine nawaomba waisome polepole.

Novemba mwaka 2000, kumikumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 hapa Nairobi, wengi wao katika vijiji vya Mukuru, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2014, mwezi wa Mei, pombe yenye methanoli iliua tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Methanoli haina ladha ya kukuonya. Hunusi, huoni rangi, na haitoki kwa kuchanganywa na ndimu wala asali. Kwa hiyo dawa tamu inaweza kuficha chupa mbaya kabisa.

Nunua chupa iliyofungwa, kwenye duka lenye leseni unalolijua, wala usinunue kileo cha kupimiwa kutoka kwenye jerikeni au chupa iliyokwisha funguliwa. Angalia kifuniko hakijalegezwa, maandishi ya lebo hayana makosa, na stempu ya ushuru ya KRA imebandikwa vizuri. Stempu hiyo unaweza kuikagua kwa simu kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label. Inachukua muda mfupi kuliko kusubiri chenji. Bei ikiwa ya chini mno, ondoka. Na usimtume mtoto. Sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, hata akisema ametumwa na babake.

Mtu akinywa kisha baadaye, hata kesho yake, akaumwa sana kichwa, akatapika, akaona ukungu au macho yakafifia, usimwache alale ukidhani ni hangova. Mkimbize hospitali, Mama Lucy Kibaki au iliyo karibu zaidi, na useme wazi alichokunywa. Kila saa ina maana kwa macho yake.

Kuhusu aina, hoteli hutumia vodka, na vodka ya kawaida inatosha. Ya bei ghali hupotea ndani ya asali. Lakini nina pendekezo: jaribu Kenya Cane. Ni kileo cha miwa, na caipirinha, ndugu wa dawa, nayo ni ya miwa. Utamu mdogo wa miwa unashikana na asali ya moshi kwa namna ambayo vodka haiwezi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dawa bora ya kuchanganya hapa nyumbani.

Kipimo ni vijiko vitatu vikubwa kwa glasi, yaani mililita 45. Kwa kileo cha asilimia 40, hapo kuna mililita 18 za alkoholi tupu. Chupa ya Tusker ya nusu lita, yenye asilimia 4.2, ina 21. Kwa hiyo glasi moja ya dawa inakaribia bia nzima, ila inateremka kwa dakika kumi kwa sababu ya utamu. Mtu anayejua anamudu bia tatu hujikuta na dawa tano bila habari. Mwenye nyumba ndiye mwenye kipimo: vijiko vitatu, glasi mbili kwa mtu, na chakula kitangulie. Anayemimina kwa macho hafai kupewa kazi hii hata kama ni kaka yako mkubwa.

Hatua ya tano: kijiti na glasi

Kijiti cha dawa ni mti mfupi wenye kichwa kinene. Fundi wa mbao wa Gikomba anaweza kukuchongea vichache kwa mti ule ule wa kuchongea miiko, alimradi usipakwe vanishi wala rangi. Usipopata, kupondea tumia mpini wa mwiko safi. Glasi ziwe fupi na nzito. Zile za wageni zilizofungiwa kwenye kabati la sebuleni zitoke leo.

Hatua ya sita: kuchanganya

Ponda barafu wakati huu, ndani ya taulo safi ya jikoni, kwa kifimbo cha kusukumia chapati. Ibaki vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, isiwe unga, maana unga huyeyuka haraka na kuifanya dawa kuwa maji matupu.

Weka vipande viwili vya ndimu kwenye glasi, ganda likitazama chini. Vikandamize kwa kijiti mara nne au tano, kwa uzito wa mkono tu. Unatafuta mafuta yenye harufu yaliyo kwenye ganda, na yanatoka kwa urahisi. Ukiponda kwa nguvu utatoa uchungu wa ule weupe wa ndani, na hakuna asali itakayouficha.

Jaza barafu mpaka juu. Watu huionea barafu huruma, lakini glasi iliyojaa hukaa baridi na huyeyuka polepole kuliko yenye vipande vitatu. Mimina vijiko vitatu vya mchanganyiko wa jagi. Kwa anayetaka, ongeza vijiko vitatu vya kileo. Koroga kutoka chini kwenda juu. Mwisho, chovya ncha ya kijiti kwenye asali isiyolegezwa (ile uliyoweka kando) na ukikabidhi kikiwa ndani ya glasi. Mnywaji atajikorogea mwenyewe, na utamu utaongezeka kadiri anavyotaka. Mgeni akisema ni kali, usimwongezee sukari, mwambie akoroge.

Asiyekunywa kileo hupewa glasi ile ile, barafu ile ile, kijiti kile kile. Mahali pa kileo tia maji baridi ya tangawizi: chemsha tangawizi iliyokatwa vipande ndani ya lita moja ya maji kwa dakika 15, chuja, poza. Ukitumia Stoney, punguza mchanganyiko wa jagi uwe kijiko kimoja na nusu, kwa sababu soda ina sukari yake. Mama mjamzito, anayetumia dawa za hospitali kama Flagyl, na atakayeshika usukani kwenye Jogoo Road au Outering usiku huo, wote wanywe hii. Wasionekane wametengwa. Mgeni akipewa soda ya chupa huku wenzake wakipondewa ndimu, anajua amehesabiwa wa pili.

Wazee wengi hawataki barafu, na baridi ya usiku ikiingia wengine watawafuata. Weka nusu ya yale maji ya tangawizi yakiwa moto kwenye thermos. Vijiko vitatu kutoka jagi, kikombe kijazwe tangawizi ya moto, basi. Hiyo ndiyo dawa ambayo mikahawa mingi ya Nairobi huiuza kwa mafua, na imetoka kwenye jagi lile lile.

Desemba pia ni msimu wa maembe ya Makueni. Ukipata embe lililoiva, ponda vijiko viwili vya nyama yake pamoja na vipande vya ndimu na upunguze mchanganyiko wa jagi hadi vijiko viwili. Watoto watarudi mara nyingi. Chagua aina isiyo na nyuzi.

Jagi likibaki na kitu usiku, usilihifadhi jinsi lilivyo, ndimu italala. Limimine kwenye trei za barafu na uligandishe. Mkesha wa mwaka mpya toa vipande vitatu kwa kila kikombe, mimina tangawizi ya moto juu yake, na uanze kuwagawia walioketi karibu na mlango.